Haraka ya Baraka: kujenga boti ya nitro Okolona, kwa Kiswahili

Kwenye kipindi tuligusia zile boti ndogo za mashindano, za rimoti, zenye injini ya nitro, halafu muda ukatuishia. Basi leo tunaingia gereji yenyewe: namna ya kuijenga, kuipaka rangi na kuijaribu majini.

Ila kuna jambo kubwa kuliko boti. Kiswahili cha wengi wetu kimelelewa jikoni na sebuleni. Tunajua "leta sufuria," "funga mlango," "salimia wageni." Tukifika kwenye bisibisi na kabureta, tunahamia Kiingereza bila hata kujua. Lakini wazazi na wajomba zetu waliotoka Uvira, Baraka, Kalemie au Kigoma, wengine kupitia kambi ya Nyarugusu, hawakuja na Kiswahili cha jikoni peke yake. Wengine walikuwa mafundi. Walijenga mitumbwi ya mbao, walifunga injini za boti, walivua dagaa usiku kwa taa. Leo wanapanga mizigo pale uwanja wa ndege au wanasimama kwenye laini ya kiwanda, na hakuna anayewauliza mbao inakunjwaje. Maneno hayo yakikosa kazi, yatazikwa nao.

Boti hii iliyapa kazi.

Ni boti gani hasa?

Sio ile ya dukani ya betri ambayo mtoto anaichezea kwenye beseni. Injini ya daraja la kuanzia ina ujazo wa sentimita za ujazo 3.5 tu, yaani silinda ndogo kuliko kidole gumba, lakini inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Juu yake kuna madaraja ya 7.5, 11 na 15. Hapa Marekani mashindano yanasimamiwa na vyama viwili, NAMBA na IMPBA. Boti zinazunguka maboya kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, kwa kawaida mizunguko 6, na hazianzi zikiwa zimesimama. Zinazunguka kwanza huku saa ikihesabu kurudi nyuma, na ujanja ni kuvuka mstari kwa kasi kamili pale saa inapofika sifuri. Ukiwahi, umejiponza.

Boti ya kuongozwa na redio si jambo la jana. Nikola Tesla aliionyesha ya kwake New York mwaka 1898, na watu walishindwa kuamini kwamba hakuna kamba. Na sisi wa Louisville tuna jirani wa kujivunia: mji wa Madison, Indiana, kama maili 50 kutoka kwetu ukipanda mto Ohio. Kila mwaka, karibu na 4 Julai, boti kubwa za haidropleni zinashindana pale mtoni, zikirusha nyuma yao mkia wa maji unaopita urefu wa nyumba. Mwaka 1971 boti ya Miss Madison, iliyomilikiwa na mji wenyewe, ilishinda Gold Cup hapo hapo nyumbani. Mji mdogo, pesa kidogo, mafundi wa mtaani. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wazima wanalia kwa sababu ya boti, nenda Madison mara moja.

Ngalawa, lakini kwa kasi

Umbo tulilolichagua lina mwili mwembamba katikati na vielea viwili pembeni, vimeshikwa na fito za alumini au kaboni. Mtu wa pwani akiiona hatasita: hiyo ni ngalawa! Na fito zake tayari zina jina, mirengu. Zanzibar watoto bado wanachonga vingalawa vya mkono, tanga la mfuko wa plastiki, wanavishindanisha kwenye maji ya kina kifupi. Kwa hiyo mashindano ya boti ndogo hatukuyakuta Marekani. Tumekuta injini tu.

Tofauti ni kazi ya vielea. Kwenye ngalawa vinazuia chombo kisipinduke upepo ukisukuma tanga. Kwenye boti ya nitro vinabeba chombo juu ya maji. Ikishika kasi, inagusa maji sehemu chache tu: vielea viwili mbele, na nyuma kwenye rafadha. Mwili wa katikati unapaa. Ndiyo maana inakimbia: maji ni mazito, na siri ni kuyagusa kidogo iwezekanavyo.

Kujenga

Malighafi ni plaiwudi nyembamba ya mbao ngumu, ile ya daraja la ndege, ya milimita 3 kwa kuta za ndani na chini ya milimita 1 kwa ngozi ya nje. Unaweka gundi ya epoksi, unabana kwa vibanio, unasubiri. Wenzetu wa Buffalo mnajua: gereji ya Januari ina baridi, na epoksi kwenye baridi inachelewa sana kukauka. Ipashe chumba joto, au jenga ndani ya nyumba kama mama mwenye nyumba atakubali.

Tulimwita Baba Mkubwa aje kutazama. Yeye alijenga mitumbwi ya mbao kule Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, na hapa Okolona hakuna aliyewahi kumpa randa mkononi. Hakuuliza bei wala kasi. Alisema, "Mwanangu, niletee kamba." Akafunga uzi kwenye ncha ya mbele, yaani omo, akaupima hadi kona ya nyuma ya kulia, halafu ya kushoto. Tezi, ndiyo nyuma ya chombo, ilikuwa imepinda kidogo sana, kiasi ambacho rula yetu haikukionyesha. Alitutajia mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote kama uti wa mgongo, na mataruma, mbavu zinazoshika mbao za ubavuni. Mimi kazini ni mhandisi wa ubora, napima vipande vya gari kwa vifaa vya bei kubwa. Uzi wa Baba Mkubwa ulitosha.

Halafu tukagombana, kwa heshima. Alichukua msasa akaanza kulainisha kingo za chini za vielea ziwe mviringo, kama za mtumbwi. Hapana! Kwenye boti hii kingo za chini, hasa ya nyuma, lazima ziwe kali. Kingo ikiwa ya mviringo, maji yanaifuata yanapanda juu yake, yananyonya boti chini. Kingo kali inayakata maji yaachie. Sasa jaribu kumweleza mzee habari hiyo kwa Kiswahili cha "leta sufuria." Nilihangaika. Mwishowe nikasema: "Baba Mkubwa, mtumbwi unapita ndani ya maji. Hii inapita juu ya maji." Akanyamaza, akaigeuza mkononi. "Kumbe ni kama lile jiwe bapa tulilokuwa tunarusha ziwani, linaruka ruka." Ndiyo. Ndivyo hasa. Yeye alikuwa na mfano, mimi nilikuwa na sababu, na lugha moja ilibeba vyote viwili.

Ndani ya mwili jaza sponji ngumu, hata zile ndefu za watoto za kuogelea. Boti ya nitro ikijaa maji inazama na injini yake, na vyama haviruhusu boti isiyoelea.

Injini na kinywaji chake

Mafuta ya nitro ni mchanganyiko wa vitu vitatu: methanoli, nitromethani, na mafuta ya kulainisha. Boti za mashindano mara nyingi zinatumia nitromethani kati ya asilimia 30 na 60. Kwa nini inaongeza nguvu? Kwa sababu imebeba oksijeni yake yenyewe. Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Methanoli inahitaji kama 6.5, na nitromethani kama 1.7 tu. Silinda inaingiza hewa ile ile, ila sasa unaweza kuunguza mafuta mengi zaidi kwa kila pumzi.

Mafuta ya kulainisha, kwenye michanganyiko mingi, yana mafuta ya nyonyo ndani yake. Ndiyo, ule mnyonyo uliokuwa unaota nyuma ya nyumba ya bibi. Yanavumilia joto kali, na harufu yake ikiungua hutaisahau.

Plagi haipigi cheche kama ya gari. Ina waya mdogo wenye platinamu. Unaupasha kwa betri ya volti 1.5, injini ikiwaka unatoa betri, na waya unabaki mwekundu wenyewe kwa sababu methanoli inaungua ikigusa platinamu. Na radieta? Ziwa ndilo radieta. Kibomba kidogo nyuma kinachota maji, yanazunguka kichwa cha injini, yanatoka ubavuni. Usipoyaona yakitoka, rudisha boti.

Sasa hesabu ya rafadha. Mafundi wengi wanaiita panga, na kwenye boti hizi ni panga kweli, imenolewa. Chukua ile ya Octura yenye namba X440. Tarakimu 40 ni kipenyo kwa milimita. Ile 4 ya mbele inamaanisha kila mzunguko mmoja unasukuma mara 1.4 ya kipenyo, yaani milimita 56. Zidisha kwa mizunguko 25,000 kwa dakika: mita 1,400 kwa dakika, ambazo ni kilomita 84 kwa saa, au maili 52. Maji yanateleza, kwa hiyo utapata pungufu. Lakini hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza, na anaiweza kwa Kiswahili.

Kupaka rangi

Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi nzuri. Rangi ya kawaida ya kopo la kupuliza, mafuta ya nitro yakiidondokea, inalainika na kunata kama ugali mbichi. Fuata mpango huu:

Kwanza, piga msasa namba 220, kisha paka epoksi nyepesi ndani na nje ili mbao isinywe maji. Ndani usiruke, maana mbao inaoza kuanzia mahali usipopaona.

Pili, praima, halafu msasa namba 400 ukilowesha kwa maji. Zima taa ya juu, mulika tochi kwa ubavu. Kila shimo litajitaja.

Tatu, rangi. Usichague kwa uzuri tu. Boti ikiwa mbali, unaona mkia wa maji na kitu kidogo mbele yake. Juu weka rangi inayowaka, chini rangi nyingine kabisa, ukijua papo hapo kama imepinduka. Kielea cha kulia na cha kushoto navyo vitofautiane.

Nne, vanishi ya kuchanganya sehemu mbili, isiyoyeyuka kwa mafuta. Tafadhali: nyingi kati ya hizi zina kemikali ya isosayaneti, ambayo inaharibu mapafu, na barakoa ya karatasi haizuii chochote. Kama huna vifaa kamili, mlipe fundi rangi wa magari. Louisville wakati wa kiangazi, siku ya unyevu mwingi, subiri kesho. Vanishi ikikamata unyevu inakuwa nyeupe kama moshi.

Na jina? Chombo cha kwetu hakiendi majini bila jina. Majahazi ya pwani yana majina, matatu na daladala zina methali mgongoni, kanga ina maneno yake. Gereji nzima tulibishana wiki mbili. Kijana mmoja alitaka "Haraka Haraka Haina Baraka," kwa kejeli, kwa kuwa ni boti ya mbio. Baba Mkubwa akacheka hadi akakaa chini. "Mimi nimetoka Baraka," akasema, "na haraka ninayo." Basi ikaandikwa Haraka ya Baraka, ubavuni, herufi za njano.

Kujaribu

Anza kwenye bafu la nyumbani. Inaelea sawa? Maji yanaingia? Kisha pima uzito: nyanyua boti kwa vidole viwili mahali ramani yako inapoonyesha. Mbele ikiwa nyepesi mno, hewa itaingia chini na boti itapaa itue chali.

Kabla ya kuwasha injini, washa rimoti kwanza, boti baadaye. Wakati wa kuzima ni kinyume chake. Hakikisha rimoti ikizimika ghafla, kabureta inajifunga yenyewe.

Sindano ya kabureta ndiyo moyo wa kazi. Injini iliyoshiba mafuta ina sauti nzito na moshi mwingi. Iliyo na njaa ina sauti kali, nyembamba, tamu masikioni, na inajiua. Anza ikiwa imeshiba, punguza kidogo kidogo. Usiifungulie yote nje ya maji: rafadha isipobeba maji, mizunguko inapanda bila breki hadi kitu kinavunjika. Baada ya kila mzunguko wa majaribio, badilisha kitu kimoja tu, uandike kwenye daftari. Ukibadilisha viwili, hutajua kipi kimesaidia.

Lile pezi la chuma kwenye kielea cha kulia ndilo linalokata kona, kwa sababu tunazunguka kulia. Boti ikiteleza kwenye kona, angalia pezi kabla ya kulaumu injini.

Sasa usalama, na hapa hatutanii. Moto wa methanoli mchana karibu hauonekani, kwa hiyo weka kizima moto karibu. Methanoli ni sumu, hata kupitia ngozi, basi vaa glovu. Usiwashe ndani ya gereji iliyofungwa. Rafadha inakata kidole kama kisu cha bucha: mtu mmoja anashika boti, mwingine anawasha, na hakuna anayesimama pembeni mwa rafadha. Na boti ikizimika katikati ya ziwa, USIOGELEE kuifuata. Chukua mtumbwi, vaa jaketi la kuokolea, au subiri upepo uilete. Wengi wetu hatukufundishwa kuogelea, na boti haina thamani ya mtu.

Kitu kingine: usidhani kwa kuwa McNeely Lake iko karibu basi ni yako. Injini hizi zina kelele. Uliza wasimamizi wa bustani kwanza, au jiunge na klabu. Uanachama wa NAMBA au IMPBA unakuja na bima, na mara nyingi bima ndiyo inayofungua mlango. Na tafadhali usiijaribu kwenye uwanja wa nyumba yako Jumamosi asubuhi. Jirani yako pengine ametoka kupakia ndege usiku kucha, ndiyo kwanza amelala.

"Hizo pesa si ungetuma nyumbani?"

Swali hili mtaulizwa. Sisi tumeulizwa. Injini, redio na mbao zinakula dola mia kadhaa kabla hujagusa maji, na kwenye familia zetu kila dola ina mjomba anayeingoja. Hatuna jibu la kumfunga mtu mdomo. Tunachofanya ni kuchanga: watu watano, boti moja, kila mtu anajua kiwango chake cha mwezi, na pesa ya kutuma inatoka kwanza. Ada ya shule ya binamu haisubiri pistoni.

Lakini tunaomba hesabu ikamilike. Miaka mingi wazee wetu walionekana hapa kama mikono tu: ya kubeba, ya kusukuma, ya kufungasha. Kwenye gereji ya Okolona, kwa miezi michache, mmoja wao alikuwa fundi tena, na vijana waliokuwa wanamjibu kwa Kiingereza walianza kumuuliza kwa Kiswahili, kwa sababu walichokitaka hakikuwepo kwa Kiingereza. Uzi unafungwaje. Mbao inakunjwaje kwa maji ya moto. Kalafati ni nini. (Ni kuziba nyufa za chombo kwa pamba na mafuta, na ukimuuliza fundi halisi, jiandae kukaa saa nzima.)

Si lazima iwe boti. Columbus mna wazee waliokuwa makanika, Buffalo mna mama waliosuka vikapu na kufinyanga vyungu. Wiki hii mtafute mmoja, mpe kifaa mkononi, umwombe akutajie majina matano ya kazi yake ambayo huyajui. Mrekodi akikubali, na ututumie sauti hiyo kwa kipindi kijacho. Sisi tutaanza na omo, tezi, mkuku, mataruma na mrengu.

Tuonane majini.